Kiti Kilichosogezwa Kushoto

Nyumba ya Mjomba ilikuwa na sheria moja tu, na Kiroboto aliona ni dharau kuiacha sheria moja bila kuivunja. Ilisema hivi: mtu asikalie kiti cha chumba cha nyuma mwenyewe asipokuwapo.

Chumba hicho zamani kilikuwa stoo. Sasa kilikuwa na kompyuta iliyovuma kama feni ya kinyozi, skrini pana kama meza ya kulia chakula, usukani wa ndege uliofungwa mezani kwa skrubu, pedali mbili sakafuni, na kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu. Mashine hiyo yote wenye kujua waliiita simuleta. Bibi, mama yake Mjomba, aliiita "ile ndege ya uongo inayokula umeme wa kweli". Mjomba mwenyewe aliiita kazi, kwa sababu alikuwa rubani. Alirusha ndege ndogo ya abiria kumi na wawili, akiwa peke yake mbele, bila msaidizi wa kumwambia angalia hiki au kile.

Kiroboto alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Jina hilo alipewa na matroni wa shule ya bweni, kwa maelezo kwamba msichana huyo husikika akiuma kila mahali na hakamatiki popote. Kumbukumbu za shule zilionyesha mashtaka mawili yaliyothibitishwa: kushona mikono ya sweta ya kiranja mkuu, na kubadilisha chumvi na sukari siku bodi ya shule ilipokuja kunywa chai. Mengine yote yalifutwa kwa kukosa ushahidi, na yeye alijivunia zaidi hayo yaliyofutwa.

Mjomba alimfundisha kurusha ndege kwenye kiti hicho tangu miguu yake haijafika kwenye pedali. Siku zote waligombana juu ya jambo moja tu, kamera. Kiroboto alipenda kamera za nje. Kulikuwa na ile ya nyuma ya mkia, ile ya kwenye ubawa, na ile ya mnarani, ambayo ukiiwasha unaiona ndege ikija ndogo kama inzi, kisha inakupita kwa mngurumo. Mjomba alizichukia zote.

"Hiyo ni picha ya watu waliochelewa ndege," alikuwa akisema. "Rubani hana macho huko nje. Anaona kile ambacho kiti chake kinamruhusu kuona, basi. Rudi ndani, mjomba." Naye humwita mpwa wake "mjomba", kama wanavyoitana watu wa namna hiyo, hata huyu aliyekuwa na nywele za kusuka.

Likizo hii Kiroboto alimkuta Mjomba nyumbani. Tangu siku alipoanguka bafuni hakuwa amerusha ndege. Watu wote walipewa maelezo yaleyale: presha ilipanda, ikashuka, yamekwisha. Daktari wa marubani alikuwa amempima na kumruhusu. Alhamisi angerudi kazini. Kwa kujiandaa, alishinda chumba cha nyuma akitua na kuruka, kuruka na kutua, na jioni alitoka akisema anaendelea vizuri, jana ilikuwa vizuri na leo vizuri zaidi.

Bibi tu ndiye aliyekuwa na malalamiko.

"Mwanangu ameota kiburi," alimwambia Kiroboto wakichambua mboga. "Ananipita hapo mlangoni kama mimi ni ndoo."

"Labda amenuna, Bibi."

"Anune na nani? Hata kununa nimemfundisha mimi. Wewe, mke mwenza, ulishawahi kupitwa na mume kama ndoo?"

"Mimi bado sijaolewa, Bibi."

"Basi subiri zamu yako."

Jumanne Mjomba alikwenda kunyolewa, na Kiroboto akaingia chumba cha nyuma kutimiza wajibu wake.

Alikusudia mzaha wa heshima. Simuleta ile ilimruhusu mtu kupamba uwanja wa ndege apendavyo: ukitaka nguzo unaweka nguzo, ukitaka ng'ombe unaweka ng'ombe. Yeye alichagua gari la zimamoto, jekundu, lenye taa zinazomulika, akaliegesha pembeni mwa njia ya kutulia, upande wa kushoto, pale hasa magurudumu yanapogusa lami. Alitaka kumsikia rubani wa miaka mingi akipiga kelele kama mtoto aliyekanyaga chura.

Alipobonyeza kitufe cha picha ya ndani ili ajaribu, alishangaa. Chumba cha rubani kilikuwa kimekwenda upande. Picha aliyoihifadhi Mjomba ilikuwa imesogeza kiti kushoto kabisa na kuigeuza kamera kushoto pia, hata nusu nzima ya skrini ikajaa mlango na nguzo ya dirisha. Vipimo vyote, kioo cha mbele, na njia ya kutulia vilikuwa vimebanana katika nusu ya kulia kama abiria waliokimbia mvua.

"Mzee amechakaa," Kiroboto alijisemea. Kwa moyo wa usafi aliifuta picha ile, akairudisha ya kawaida, kiti katikati ya mahali pake na macho mbele. Kisha akatoka na kujipanga mlangoni na simu yake tayari kurekodi.

Mjomba alirudi na kichwa kinachong'aa. Aliingia, akaligonga bega kwenye fremu ya mlango, akaketi bila kumsemesha mtu. Akawasha. Kwa kitambo kidogo alikaa akiitazama skrini, mkono ukiwa juu ya usukani, kama mtu aliyesahau jina la anayempungia mkono. Kisha akaruka, akazunguka, akajipanga kutua.

Kiroboto aliliona gari la zimamoto mapema, nukta nyekundu inayomulika. Nukta ikawa kiberiti, kiberiti kikawa sanduku. Alijibana asicheke. Mjomba alishuka taratibu, mikono ikiwa imetulia, mdomo ukijihesabia mwendo. Gari likajaa, jekundu kabisa, mtu angesoma namba zake. Ubawa wa kushoto ukalipiga.

Skrini ikasimama. Maandishi yakatangaza ajali.

Kiroboto aliangua kicheko chote alichokuwa amekiweka akiba. "Mjomba! Umeliua zimamoto!"

"Nimeua nini?"

"Gari! Acha kuigiza."

"Gari gani?" Aligeuka, na uso wake haukuwa wa mtu anayeigiza. "Hii mashine ina hitilafu. Nimetua vizuri. Nani amegusa kamera yangu?"

Kiroboto alishusha simu. Kisha alifanya jambo ambalo Mjomba hakuwahi kuliruhusu katika chumba kile: alinyoosha mkono, akawasha marudio, kwa kamera ya mnarani. Wote wawili wakaitazama ndege ikija kwa nje. Ilikuja bila kuyumba, ikilifuata gari jekundu lililosimama waziwazi katika jua la mchana, kana kwamba ilikuwa imeitwa.

Mjomba aliisogeza shingo yake kushoto mpaka gari likaingia machoni pake. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Funga mlango," alisema.

Kiroboto akafunga.

"Ni tangu bafuni," Mjomba alisema. "Upande huu wa kushoto wote. Macho yote mawili."

"Ni giza?"

"Si giza. Giza ningeliona." Aligonga kisogo chake kwa kidole. "Huku nyuma ya kichwa chako unaona nini sasa hivi? Unaona giza?"

Kiroboto akafikiri. "Hapana. Sioni kitu tu."

"Basi ndivyo."

"Na daktari je?"

"Daktari ananipa herufi nisome, nazisoma. Halafu anakaa mbele yangu, ananyoosha mikono, anachezesha kidole, huku au huku." Mjomba alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesimulia jinsi alivyoiba maembe. "Kidole chenyewe sikuwa nakiona. Lakini mtu akichezesha kidole, bega linatikisika. Nikatazama bega."

Ulikuwa ujanja safi kabisa, na siku nyingine Kiroboto angempigia saluti. Siku hiyo hakuinua mkono.

"Lakini nimefanya mazoezi," Mjomba aliendelea, sasa kwa haraka. "Mwanzoni nilikuwa naanguka kila saa. Kila siku nikarekebisha kidogo, nikahifadhi. Sasa natua vizuri kuliko zamani. Umeniona wiki hii yote."

"Ulirekebisha nini, Mjomba?"

"Kutua kwangu."

"Ulirekebisha kamera. Ulikuwa unasogeza kiti." Sauti yake ilitoka ndogo. "Kila siku kidogo, mpaka uwanja wote ukaingia upande unaouona. Kwenye ndege ya kweli kiti kimefungwa kwa bolti."

Mjomba aligusa ukingo wa kiti alichokalia. Ilikuwa wazi kwamba kwa muda wote ule hakuwa amelitazama jambo hilo, na kwamba sasa analitazama.

Halafu akalikataa. Ndegeni, alisema, mtu anageuza kichwa, hajafungwa shingo. Kiroboto akasema basi tujaribu. Picha ya kawaida, kitufe cha kamera kisiguswe, yeye ataweka vitu na Mjomba atavitaja. Akivitaja vyote, Kiroboto atafunga mdomo mpaka azeeke.

"Na nikikosa?"

"Unampigia simu Mkuu wako wa marubani."

"Weka," alisema Mjomba, akakunja mikono ya shati.

Alianza vizuri. Aligeuza kichwa kushoto mara kwa mara, kama kuku anayetaka kuvuka barabara, na akataja kila kitu: trekta, ndege nyingine inayongoja, kundi la ng'ombe. "Wa nne ni mwembamba, mlishe," alisema hata, na Kiroboto akacheka, na kwa muda wakawa kama zamani. Aliomba moyoni kwamba atakayeshindwa awe yeye mwenyewe, si Mjomba. Lakini hakumpendelea. Mtu wa mizaha hana elimu nyingine duniani ila hii moja, kujua wenzake wanatazama wapi, na wakati gani hawawezi kutazama kwingine.

Akaleta upepo mkali kutoka kulia.

Ndege ikaanza kusukumwa. Mjomba alipigana nayo kwa mikono na miguu, macho yakiwa kulia, kwenye soksi ya upepo inayoonyesha unakovuma, kwenye vipimo, kwenye ukingo wa kulia uliokuwa ukimponyoka. Kichwa kilisahau kugeuka. Jasho lilimtoka kwenye upara mpya. Akaiweka ndege chini polepole, gurudumu moja kisha jingine, kazi ambayo marubani wenziwe wangesimama kuipigia makofi.

"Hee!" alipiga paja. "Umeiona hiyo? Na ule upepo wako wa kichawi! Safi kabisa, hapakuwa na kitu njiani."

Kiroboto alikuwa bado anaitazama lami waliyopita.

Alikuwa ameweka wafanyakazi wa uwanja, vile vikaragosi vyenye vizibao vya rangi ya machungwa ambavyo programu inavyo kwa kupamba tu. Havikutengenezwa kuumia. Ndege ilipita katikati yao kama inapita kwenye moshi, wala skrini haikutangaza ajali yoyote.

Mjomba alingoja. Tabasamu likamwisha kidogo kidogo. Aliuona mkono wa mpwa wake ukienda kwenye kitufe cha marudio.

"Usiwashe," alisema. Halafu akauliza: "Walikuwa wangapi?"

"Wanne."

Aliondoa mikono yake kwenye usukani na kuiweka magotini. Akasema atampigia Mkuu kesho.

Kesho yake hakupiga. Kiroboto alimzunguka siku nzima kama kesi, na kila alipofungua mdomo Mjomba alikuwa na shughuli nyingine. Alhamisi asubuhi alimkuta amevaa sare, shati jeupe limenyooka, mabega yana mistari yake ya dhahabu.

"Usinitolee macho," Mjomba alisema akifunga viatu. "Ni mchana, hali ya hewa ni nzuri. Maisha yangu yote sijawahi kukuta gari la zimamoto pembeni mwa njia."

"Mjomba, uliniahidi."

"Nilikuahidi nikiwa nimechoka. Nikikaa chini leo sinyanyuki tena. Unaelewa? Mimi si kitu kingine. Sina kazi ya pili ndani yangu." Akasimama. "Na wewe ni damu yangu."

Kiroboto alikimbia kwa Bibi. Akamwambia yote, kiti, kamera, bega la daktari. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Likizo iliyopita," Bibi alisema, "uliniletea barua ya hospitali kwamba nina mimba."

"Bibi, ile ilikuwa—"

"Na nilikesha usiku mzima nikiiwaza. Niondolee balaa, mke mwenza. Mwanangu anaona."

Hivyo ndivyo Kiroboto alivyogundua kwamba katika nchi nzima hapakuwa na mtu ambaye angemwamini kwa maneno. Gari la kampuni lilipopiga honi akaingia pamoja na Mjomba. "Namsindikiza," alimwambia dereva. Mjomba hakumkatalia. Huenda alidhani ni baraka.

Ukumbi wa kuondokea ulikuwa chumba kimoja chenye mabenchi, mizani ya kupimia mizigo na mlango wa kioo. Nje yake ndege ilikuwa imesimama, nyeupe, ndogo kuliko alivyoikumbuka. Abiria walikuwa wamekwisha kupimwa. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mzee mmoja alikuwa ameshika kuku wa plastiki, zawadi ya mjukuu bila shaka. Mkuu wa marubani, mtu mnene mwenye faili kwapani, alisimama karibu na mlango akimtazama Mjomba kwa furaha.

"Kapteni amerudi!" aliwatangazia abiria. "Mko mikononi mwa mzoefu."

Mjomba alisimama mbele yao, akaanza maelezo yake. Mikanda inafungwa hivi. Mlango wa dharura uko nyuma. Sauti yake ilikuwa nzuri, yenye joto, na mama mwenye mtoto akaonekana kupumua.

Kiroboto alikwenda kusimama kushoto kwake, karibu sana, bega kwa bega.

Akaweka viganja vyake kichwani na kufanya masikio ya punda. Akatoa ulimi.

Abiria wawili wakacheka kwa pua. Mjomba aliendelea na mikanda. Kiroboto alikunja uso, akavuta macho chini kwa vidole, akaitikisa mikono usoni mwa Mjomba, kidogo tu pembeni, mahali ambapo mtu yeyote anayeona angeshtuka. Benchi zima likacheka sasa, hata mzee wa kuku. Mjomba naye akatabasamu, akidhani amesema kitu cha kuchekesha.

"We binti!" Mkuu alifoka na kuanza kuja, faili juu. "Hii ni sehemu ya kazi, adabu yako iko—"

Akasimama katikati ya hatua, akiyatazama macho ya Mjomba, ambayo hayakugeuka hata kidogo.

Kiroboto hakuacha. Machozi yalikuwa yakimshuka na ulimi ulikuwa bado nje. Vicheko vilikatika kimoja kimoja, kama taa zinavyozimwa bwenini, mpaka ikabaki sauti ya Mjomba peke yake ikieleza jinsi ya kuvuta mkanda ukibana.

Mkuu aliinua faili lake polepole upande uleule, akalipunga. Mjomba hakupepesa.

"Kapteni," alisema Mkuu. Sauti ilikuwa imebadilika. "Mpwa wako yuko wapi?"

"Alikuwa hapa," alisema Mjomba kwa furaha, akageuka kumtafuta. Aligeuka kulia. Akaitazama mizani. Akautazama mlango wa kioo, akazidi kugeuka, mkono ukiwa umenyooshwa mbele kumshika bega mtoto ambaye hakuwapo, na abiria wote wakimwangalia. Katikati ya mzunguko huo, huku mkono ukiwa bado hewani, alielewa, akaushusha.

Walipelekwa nyumbani na gari lilelile. Kofia yake ilibaki mezani kwa Mkuu, hakuna aliyekumbuka kuichukua. Kiroboto aliketi kushoto kwake kwenye kiti cha nyuma. Hakujua kama alichagua upande huo ili asimlazimishe kumwona, au ili yeye mwenyewe asionekane. Dereva alizima redio bila kuambiwa.

Walikuwa wamekwisha kuacha barabara kuu Mjomba aliposema, akitazama mbele:

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Masikio ya punda."

"Na ulimi?"

"Na ulimi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayesahihisha kazi.

"Walicheka?"

"Mwanzoni," alisema Kiroboto.